Ol Pejeta: Ranchi Iliyokaribisha Faru

Karibu na Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, wachungaji wa Ol Pejeta huwalaza ng'ombe wao wa Boran ndani ya boma la vyuma, simba na fisi wasiwafikie. Boma lenyewe halikai sana mahali pamoja. Hufunguliwa, likapelekwa kwingine, na pale lilipokuwa hubaki samadi tele. Mvua ikinyesha, nyasi changa huchipuka na wanyamapori huzifuata. Ng'ombe hao pia huogeshwa dawa, kwa hiyo kupe wanaowadandia malishoni hufa.

Ardhi hii ina historia chungu. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai wa Bonde la Ufa, sehemu yao wakapelekwa Laikipia kwa ahadi kwamba hawatasumbuliwa tena. Ahadi haikudumu hata miaka kumi: mkataba wa 1911 ukawaondoa Laikipia nako, wakasukumwa kusini, na walowezi wakagawana malisho.

Kufikia miaka ya 1940 Ol Pejeta ilikuwa ranchi ya ng'ombe wa nyama, mali ya Lord Delamere. Ilipita mikononi mwa matajiri kadhaa, akiwemo Adnan Khashoggi, dalali wa silaha kutoka Saudi Arabia. Lakini waliobadilisha mambo hasa ni tembo. Walizidi kuongezeka, wakivunja nyua, huku faida ya ng'ombe ikipungua. Mwaka 1988 eka 24,000 zilitengwa kuwa hifadhi ya Sweetwaters, na faru weusi wakapata kimbilio dhidi ya majangili. Mwaka 1993 walifika sokwe kutoka Burundi, wakiepushwa na vita.

Shirika la Fauna & Flora International liliinunua ardhi hiyo mwaka 2004. Leo hifadhi ina eka zipatazo 90,000, na ng'ombe bado wamo: nyama yao husaidia kulipia ulinzi.

Desemba 2009 waliletwa faru weupe wa kaskazini wanne kutoka bustani ya wanyama nchini Cheki. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Wamebaki Najin na bintiye Fatu, wakilindwa usiku na mchana.

Wanyama wengine wana uhuru zaidi. Kwenye uzio wa kaskazini kuna mapengo yaliyopandwa vigingi vifupi vilivyokaribiana. Tembo huvivuka kwa hatua moja, pundamilia hujipenyeza, lakini faru, kwa miguu yake mifupi na mwili mpana, hukwama upande wa ndani.