Todo.txt

Todo.txt ni utaratibu wa kuandika orodha ya kazi katika faili moja la maandishi matupu, linalofunguka kwenye kompyuta au simu yoyote. Ulianzishwa mwaka 2006 na Gina Trapani, mwandishi na mtunzi wa programu wa Marekani aliyeasisi tovuti ya Lifehacker.

Kanuni kuu ni kazi moja, mstari mmoja. Herufi kubwa ndani ya mabano huonyesha uzito wa kazi, alama ya + hutaja mradi, na @ hutaja mahali au chombo kinachohitajika:

(A) Kumpigia fundi bomba +nyumba @simu

Kazi ikikamilika, mwanzoni mwa mstari huwekwa x ndogo na tarehe. Hapo ndipo ulipo ustadi wa utaratibu huu: kompyuta ikipanga mistari kwa mfuatano wa kawaida wa herufi zake, kazi za haraka hupanda juu zenyewe na zilizokwisha huzama chini.

Kupanga kazi kwa mahali au chombo ni wazo lililoenezwa na David Allen katika kitabu chake Getting Things Done (2001), nalo lina faida kubwa. Mwenye dakika kumi za kusubiri daladala hutafuta @simu, akawaona wote wa kupigiwa kwa mkupuo mmoja.

Faili lenyewe halipigi kengele ya kukumbusha. Pia, likihaririwa kwenye simu na kompyuta kabla ya kulandanishwa, nakala hugongana na mistari huweza kupotea.