Seder ya wanawake

Seder ya wanawake ni karamu ya Pasaka ya Kiyahudi ambayo masimulizi na sala zake zinawapa wanawake nafasi kubwa kuliko desturi ya zamani. Ilianza miaka ya 1970 kati ya Wayahudi waliotetea usawa wa jinsia.

Asili

Seder hufanyika usiku Pasaka inapoanza. Watu husoma Hagada, yaani kitabu kinachosimulia jinsi Waisraeli walivyotoka utumwani Misri. Kwa karne nyingi wanawake walisafisha nyumba na kupika, lakini kwa kawaida baba ndiye aliyeongoza usomaji. Hagada yenyewe inataja watoto wanne wenye tabia tofauti, wote wa kiume.

Mwaka 1975 mwandishi Mmarekani Esther Broner na Naomi Nimrod waliandaa seder ya wanawake huko Haifa, Israeli, wakatunga Hagada yao. Mwaka 1976 Broner aliongoza nyingine mjini New York. Kati ya waliohudhuria alikuwa Gloria Steinem.

Alama mpya

Kikombe cha Miriamu hujazwa maji na kuwekwa mezani karibu na kikombe cha divai cha nabii Eliya. Kinakumbusha mapokeo kwamba kisima kiliwafuata Waisraeli jangwani kwa ajili ya Miriamu, dada yake Musa. Desturi hiyo ilianzia Boston, Marekani, miaka ya 1980. Wengine huwakumbuka pia wakunga Shifra na Pua, waliokataa amri ya Farao ya kuua watoto wa kiume.

Chungwa katika sahani ya seder lilianzishwa na mtaalamu Susannah Heschel. Husimuliwa kwamba lilikuwa jibu kwa mwanamume aliyepinga wanawake kuongoza ibada. Heschel mwenyewe alikanusha hadithi hiyo: alitumia kwanza chenza, kama ishara ya mshikamano na Wayahudi wenye mapenzi ya jinsia moja na wengine waliotengwa.

Afrika Mashariki

Suala la nafasi ya wanawake lipo pia kati ya Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi karibu na Mbale, Uganda, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Katika sinagogi la Nabugoye wanawake husoma Torati na huhesabiwa kati ya watu wazima 10 wanaohitajika kwa sala ya pamoja. Kijiji cha Putti kinafuata Uyahudi wa Kiorthodoksi, ambapo wanaohesabiwa ni wanaume tu.