Piga, Subiri, Piga Tena: Safari ya Secret of Mana

Mwaka 1987 kampuni ya Square ya Japani ilichukua fedha za watu kwa gemu ambayo haikuwahi kutoka. Ilitangazwa kuwa simulizi kubwa ya upanga wa Excalibur, ya kujaza diski tano za mashine ya Famicom. Mradi ukafia njiani. Square ikawaandikia barua wateja waliokwisha kuagiza: fedha zenu tunarudisha, ila kama hamu bado mnayo, kuna gemu yetu nyingine inakuja. Hiyo nyingine ilikuwa Final Fantasy.

Jina la ile iliyozikwa, Seiken Densetsu, halikutupwa. Mwaka 1991 Koichi Ishii, mbunifu aliyefanya kazi kwenye Final Fantasy za mwanzo, alilitumia kwa gemu ndogo ya Game Boy. Ya pili ikatoka Japani Agosti 1993 kwa mashine ya Super Famicom, na miezi michache baadaye Wamarekani wakaipata kwa jina la Secret of Mana. Hiyo ndiyo inayotuhusu, kwa sababu ilijibu swali lililokuwa likiwasumbua watengenezaji wa gemu za uhusika kwa miaka kadhaa: mapigano yaende kwa kasi gani?

Katika gemu za uhusika, mchezaji hukuza wahusika wake polepole, wakipata nguvu, silaha na uchawi kadiri safari inavyosonga. Tangu Dragon Quest ya 1986, desturi ya Japani ilikuwa moja. Unatembea porini, ghafla picha inabadilika, maadui wamejipanga mbele yako, nawe unachagua kwenye orodha: shambulia, tibu, kimbia. Unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi, adui bado anakungoja. Upande wa pili kulikuwa na Zelda, ya mwaka huohuo, ambayo upanga unachomoka pale unapobonyeza kitufe, na vidole vizito havisamehewi.

Katikati walijaribu wengi. Kampuni ya Falcom ilitoa Ys mwaka 1987, gemu isiyo hata na kitufe cha kupigia: unamkimbilia adui na kumgonga pembeni kidogo, ukimgonga katikati unaumia wewe. Tangazo lake lilidai kwamba zama za upole zimeingia katika gemu hizi, na halikudanganya. Washindani wake wengi wa wakati huo walikuwa wakali kupindukia, kana kwamba mtengenezaji ana kisasi na mnunuzi.

Huko Square, Hiromichi Tanaka alikuwa akitamani mapigano yatokee palepale mtu anapotembea, bila kuhamishwa kwenda kwenye picha nyingine. Final Fantasy IV haikwenda njia hiyo, kwa hiyo akahamia timu ya Ishii. Mwandishi wa programu alikuwa Nasir Gebelli, Muirani aliyejijengea jina Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa gemu za kompyuta ya Apple II, na ambaye alikuwa ameandika programu za Final Fantasy tatu za kwanza. Mhandisi wa kasi huyo. Vitu vyake viliruka kwenye skrini kwa kasi kuliko mashine ilivyodhaniwa kuweza.

Walianza wakiitarajia mashine ambayo haikuja. Nintendo na Sony walikuwa wakiandaa kifaa cha kusoma diski za CD, na gemu hii ilipangwa iingie humo. Kwenye maonyesho ya Chicago ya Juni 1991, Sony walitangaza ushirikiano wao, na kesho yake Nintendo wakatangaza kwamba wanafanya kazi na Philips. Sony wakaondoka na hasira zao, wakaja kutoa PlayStation. Square wakabaki na gemu ya ukubwa wa CD na katriji ya megabaiti mbili.

Ilibidi wakate. Njia nyingi za hadithi, zenye miisho tofauti, zikawa njia moja, na inasemekana sauti ya jumla ilikuwa nzito zaidi katika mpango wa kwanza. Mimi sioni hasara kubwa. Kilichobaki kina pumzi.

Pumzi hiyo imo kwenye tarakimu ndogo chini ya skrini. Ukipiga pigo, namba inashuka, kisha inapanda hadi asilimia 100 kwa muda wa sekunde chache. Ukipiga kabla haijajaa, unampapasa adui tu. Hivyo unapiga, unarudi nyuma, unazunguka, unasubiri, unaingia tena. Si zamu za Dragon Quest wala papara za Zelda. Sungura wa manjano anayerukaruka, adui wa kwanza kabisa wa gemu hii, anatosha kukufundisha mwendo huo bila mtu kukueleza neno.

Ukitaka kunywa dawa au kufanya uchawi, bonyeza kitufe na alama zinajipanga duara kumzunguka mhusika wako. Kila kitu kinasimama, lakini hujatoka mahali ulipo; msitu bado unauona, adui ameganda na mdomo wazi. Duara hilo ndilo nadhani wazo bora zaidi la Ishii na wenzake.

Halafu kuna wenzako. Wahusika ni watatu, mvulana, msichana na mtoto wa kijini, na kwa kifaa cha kuongezea pedi watu watatu waliweza kucheza pamoja. Mdogo wako akiitwa kula, anaweka pedi chini, mashine inaendelea kumwongoza mhusika wake. Ina kasoro: mwenzako anayeongozwa na mashine hunasa nyuma ya mti kama mbuzi aliyefungwa kamba, nawe huwezi kusonga mpaka urudi kumwokoa. Na ukicheza na rafiki anayefungua lile duara kila mara, wote mnaganda mkimsubiri achague peremende ya kujitibu.

Mzaha uko kila mahali. Wafanyabiashara wanacheza ngoma ukiwaongelesha. Unasafiri mbali kwa kutiwa ndani ya mzinga na kurushwa angani. Mtoto wa kijini unamkuta kwa vibeti akishirikiana na mzee wao kutapeli wapita njia. Katika nchi ya theluji, zimwi unalolishinda linageuka kuwa Baba Krismasi. Nyuma ya hayo yote kuna hadithi yenye huzuni, na mwisho wake si wa kuchekesha hata kidogo. Huzuni hiyo inauma kwa sababu umetumia saa nyingi ukicheka na watu hao.

Muziki ulitungwa na Hiroki Kikuta, ikiwa gemu yake ya kwanza kutoka, katika mashine yenye kilobaiti 64 tu za kumbukumbu ya sauti. Tafsiri ya Kiingereza ilifanywa na Ted Woolsey kwa takribani siku 30, na haraka hiyo inaonekana: wahusika huongea kwa mkato, kama simu ya upepo.

Kinachochosha ni uchawi. Ili uwe na nguvu, lazima urudie uchawi uleule mara nyingi, na hapo mwendo mzuri unageuka kibarua. Huku kwetu ingekwama mapema zaidi. Kwenye vibanda vya gemu vya Dar es Salaam au Nairobi unalipia mechi au dakika, ndiyo maana mpira na ngumi vimetawala. Safari ya saa ishirini na zaidi haina mteja pale.

Sehemu iliyofuata ilitoka Japani mwaka 1995, na wasomaji wa Kiingereza wakaisubiri rasmi mpaka 2019. Mwaka 2018 Secret of Mana yenyewe ilitengenezwa upya, ikiwa na sura mpya na sauti za waigizaji, ikapokelewa vuguvugu. Ile asilimia waliibakiza, na wapo waliolalamika kwamba inawachelewesha. Nilipoona malalamiko hayo nilijua ni watu waliozoea kubonyeza bila kukoma. Kwa anayeianza leo, ningemwelekeza kwenye ile ya 1993, akiwa na pedi mbili na mtu wa kukaa naye mkekani.