Kutoka Mgongoni Hadi Uwanjani: Nyimbo na Michezo ya Watoto Wadogo wa Ruanda, Mbozi

Mwenye kusafiri kwa barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma hupita katika nchi ya Mbozi, nchi ya miinuko yenye baridi ya asubuhi, kahawa na mahindi, na katika nchi hiyo imo kata ya Ruanda, jirani ya Iyula, ambayo tangu mwaka 2016, ulipotengwa mkoa wa Songwe kutoka katika mkoa wa Mbeya na Vwawa kufanywa makao yake makuu, imehesabiwa miongoni mwa kata za mkoa huo mpya. Mkoa ni mpya, walakini wenyeji wake ni wa kale: Wanyiha katika uwanda wa Mbozi, Wanyamwanga upande wa Tunduma na Momba, Wandali upande wa Ileje, na Wanyiha hasa walisifika zamani kwa ufundi wa kuyeyusha chuma na kwa kufuma nguo za pamba. Waandishi wa habari za elimu ya mahali hapa aghalabu huanza na mwalimu mwenye kitabu mkononi, na kwa kuanza hapo, kwa maoni yangu, huwa wamechelewa mno, kwa kuwa mtoto aliyefika mbele ya mwalimu huyo alikuwa amekwisha kusomeshwa miaka mitano au sita na mwalimu mwingine, ambaye jina lake halikuandikwa katika daftari lolote.

Mtoto wa Mbozi wa zamani, kama mtoto wa nchi zote za Afrika Mashariki, alianza masomo yake mgongoni. Mama alipokuwa akisaga ulezi juu ya jiwe, mtoto alifungwa mgongoni pake, na kila jiwe la mkono liliposukumwa mbele na kurudishwa nyuma, kiwiliwili cha mtoto nacho kilikwenda na kurudi kwa kipimo kile kile, na sauti ya mama aliyeimba kwa kuufuata mwendo wa jiwe ilimfikia kwa njia ya mifupa kabla ya kumfikia kwa njia ya hewa. Na mama alipokwenda shamba, mtoto aliachwa mikononi mwa mlezi, naye kwa kawaida alikuwa dada yake wa miaka saba au minane, binti ambaye yeye mwenyewe alikuwa angali akipenda kucheza. Huyo ndiye mwalimu ninayemsema. Yeye alimbembeleza kwa wimbo alipolia. Alimpakata akamrusha magotini kwa mapigo yasiyopotea. Alimshika mikono miwili mpaka aliposimama dede, kisha akamwachilia, akampigia makofi na kumwimbia ili apate kuthubutu hatua ya kwanza. Alimhesabia vidole kwa maneno yenye vina. Na jioni alimchukua mpaka kwenye duara la watoto wakubwa, ambako mdogo alisimama katikati akitikisa mabega bila ya kujua kwamba anajifunza kungoja zamu, kusikiliza, kushika neno na kuutawala mwili wake. Hakuna aliyempa binti huyo cheo wala ujira, na wazazi wengi, kama wangaliulizwa, wangalisema kwamba alikuwa akimzuia mtoto asilie tu.

Maarifa ya siku zetu yamempa haki yake kwa kuchelewa. Mwaka 2005, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster huko Canada, walitangaza jaribio walilolifanya kwa watoto wa miezi saba: waliwasikilizisha mapigo ambayo yaweza kusikika kwa vipimo viwili mbalimbali, huku wengine wakirushwarushwa mikononi kwa kila pigo la pili na wengine kwa kila pigo la tatu, na baadaye ikadhihirika kwamba kila mtoto alipendelea kusikiliza kipimo kile ambacho mwili wake ulikuwa umetikiswa kwacho, ilhali waliokaa kimya wakiwatazama tu watu wengine wakijitikisa hawakuonyesha upendeleo huo. Maana yake ni kwamba mtoto mchanga husikia muziki kwa mwili wake mzima. Mama asagaye ulezi alikuwa akiyatenda hayo kila siku, na mtoto wake alikuwa akiyapata.

Huko Ulaya nako fikra hii ilipita njia ndefu. Friedrich Froebel, aliyefungua nyumba yake ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, alichapisha mwaka 1844 kitabu cha nyimbo na michezo ya mama na mtoto. Na Émile Jaques-Dalcroze wa Geneva, mwanzoni mwa karne ya 20, aliwafundisha wanafunzi wake kutembea na kuruka kwa mapigo kabla ya kuwaonyesha maandishi ya muziki. Lakini aliyewatangulia wote hao, na ambaye habari yake inaigusa Mbozi kwa karibu zaidi, ni John Amos Comenius, aliyezaliwa Moravia mwaka 1592 na kufa uhamishoni mwaka 1670. Huyu, katika kitabu alichokiandika juu ya malezi ya miaka sita ya kwanza, aliliita paja la mama kuwa ndiyo shule ya kwanza ya mwanadamu, akasema kwamba muziki umo katika tabia ya mtoto tangu kilio chake cha kwanza, na kwamba mtoto sharti aachwe akimbie na acheze, kwa kuwa kadiri anavyojishughulisha ndivyo usingizi wake, chakula chake na akili yake vinavyostawi.

Basi Comenius alikuwa askofu wa Umoja wa Ndugu, na jamaa hiyo, iliyofufuka Herrnhut, Ujerumani, katika karne ya 18, ndiyo kanisa la Moravian lililotuma watu wake kusini magharibi mwa Tanganyika, wakafika Rungwe mwaka 1891 na mwishoni mwa karne ya 19 wakafungua misheni ya Mbozi chini ya Traugott Bachmann. Huyu Bachmann alijifunza Kinyiha kwa bidii, akalifasiri Agano Jipya kwa lugha hiyo, nalo likachapishwa mwaka 1913. Wala hakuwa miongoni mwa wale waliohesabu kila mila ya wenyeji kuwa ni uovu. Pamoja nao Wamoravian walileta uimbaji wa tenzi kwa sauti nne na tarumbeta za shaba, sauti ambazo mpaka leo husikika siku ya Pasaka katika nchi hiyo. Ajabu ninayoiona, nami naisema kwa heshima, ni kwamba kanisa lenye askofu aliyeandika maneno yale halikuleta Mbozi shule ya watoto wa dede. Lilileta shule ya kusoma na kuandika, na humo mtoto alitakiwa kuketi atulie. Hatuwezi kuwalaumu sana: walikuwa wachache, vitabu vilikuwa haba, na vita vilivyoanza mwaka 1914 viliikatiza kazi yao. Tena kwa kutokujua walitenda hisani moja: kwa kuwa wavulana ndio waliopelekwa shuleni zaidi, binti mlezi aliachwa nyumbani na nyimbo zake.

Lililomwondoa nyumbani lilikuja miaka mingi baadaye, nalo lilikuwa jambo jema. Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea vilitolewa mwaka 1967. Katikati ya miaka ya 1970 watu wa vijijini walihamishwa kukaa pamoja katika vijiji vya maendeleo. Na mwaka 1977, kwa kulitimiza Azimio la Musoma la mwaka 1974, elimu ya msingi kwa wote ilianza kutekelezwa nchi nzima. Binti wa miaka saba akaitwa shuleni kwa sheria, na ilikuwa haki yake. Swali likabaki nyumbani: nani atamshika mtoto? Mama alikuwa na shamba lake la mahindi, na huku Mbozi alikuwa na buni ya kuchuma, ambayo haimngoji mtu. Jawabu la taifa lilikuwa ni vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, ambavyo Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulivihimiza kila mahali, na ambavyo viliwekewa sheria yake mwaka 1981.

Kituo cha zama zile kilikuwa chumba kimoja, pengine kivuli cha mti, sufuria ya uji, na mama mmoja wa kijiji aliyeteuliwa kwa kuwa ni mpole na aliwahi kusoma. Vitu vya kuchezea havikuwapo, basi vikatengenezwa: vizibo vya chupa vikatungwa katika waya, mbegu za mahindi zikatiwa katika kopo, dumu likawa ngoma. Nawaheshimu sana wanawake hao. Wengi walilipwa kidogo au hawakulipwa kabisa, na bado walijua kwamba watoto ishirini au thelathini wenye njaa ya mchezo hawatulizwi kwa kemeo, bali kwa wimbo wenye makofi, wenye kuinama na kuinuka, wenye kuzunguka duara na kuanguka pamoja. Walikuwa wamekirithi kiti cha yule binti.

Lakini hawakuzirithi nyimbo zake zote, na hapa ndipo penye huzuni ya historia hii. Wimbo wa kituo ulikuwa wa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya chama na ya redio, ambako kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam, kwa sauti ya Debora Mwenda, kiliwakusanya watoto wa nchi nzima. Ndiyo maana mtoto wa Ruanda, katika nchi ya baridi isiyootesha mnazi, hushikana mikono na wenzake akacheza Ukuti, mchezo uliozaliwa katika vivuli vya minazi ya pwani. Mimi sioni ubaya katika hilo. Umoja wa taifa letu umejengwa na mambo madogo kama haya, na mtoto wa Kinyiha, wa Kinyamwanga na wa Kindali wanaposhikana mikono katika duara moja wanatenda jambo ambalo babu zao hawakulitenda. Lakini wimbo wa Kiswahili ulipoingia uwanjani, ule wa Kinyiha haukupewa mahali pa kukaa, ukabaki kwa bibi, na kila bibi anapofariki hupungua.

Pwani walilitatua jambo kama hili kwa busara. Katika miaka ya 1980, huko Mombasa, Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, alizianzisha shule za awali za madrasa, ambamo watoto walisoma dini yao na kucheza kwa nyimbo na hadithi za Waswahili wenyewe, kwa zana zilizotengenezwa na wazazi wao. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wenye kuuendesha waliwashirikisha wazazi na jamii katika kazi hiyo.

Huku Tanzania Bara, sera ya elimu ya mwaka 1995 iliagiza madarasa ya awali yawepo katika shule za msingi, na sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Mtaala wa awali wa mwaka 2016 uliziweka stadi za kisanii miongoni mwa mambo ambayo mtoto sharti ayamudu, na mwongozo wa serikali wataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, kipimo ambacho vijijini hupitwa mara nyingi. Watoto wengi katika chumba kidogo hukalishwa; hawawezi kuchezeshwa ila uwanja uwepo. Nao walio chini ya umri wa darasa hilo, wale wa miaka miwili na mitatu, wamo miongoni mwa wanaoangaliwa na programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, inayohimiza vituo vya jamii vijengwe karibu na wazazi; na haja hiyo iko wazi Tunduma, mji wa mpakani ambako mama mfanyabiashara huondoka nyumbani alfajiri na dada mkubwa yuko darasani.

Mtaala huo wa mwaka 2016 ulimwelekeza mwalimu kutumia zana na michezo itokayo katika mazingira ya mtoto, wala hakuna kinachomzuia kuwaalika bibi wawili wa Ruanda siku moja ya juma, wakae katika duara, waimbe nyimbo walizoimbiwa, na watoto wazifuate kwa miguu yao, huku mwalimu, au kijana yeyote mwenye simu ya kunasa sauti, akizihifadhi pamoja na michezo yake: nani husimama katikati, makofi hupigwa wapi, na ni neno gani ambalo likitamkwa wote huchuchumaa.