Zumari, Klarineti na Swali la Mlio

Maneno mengi ya pwani yalifika Ujiji pamoja na misafara, kabla Burton na Speke hawajaliona ziwa mwaka 1858. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilileta mengine. Ng'ambo, nchini Kongo, Jean Serge Essous alipuliza klarineti katika OK Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1956.

Je, ala hiyo tuiite zumari? Hatukubali. Zumari ina ndimi mbili za utete, nayo sauti yake kali hupaa juu ya ngoma zote. Klarineti ina ulimi mmoja. Katika noti za chini hujipenyeza kati ya magitaa hata msikilizaji asitambue ilipoanzia.

Tofauti hiyo wengine huiita "rangi ya sauti", tafsiri ya kigeni tu, kwani sikio halioni rangi. Sisi twapendekeza mlio, maana ngoma hulia na zumari hulia. Kuna wanaopinga kwamba risasi nazo zina mlio. Zinao, na kila bunduki una wake. Ala zisipomezana, basi, tuseme milio yao imeoana.