Neno "charge": tahajia moja, maana nyingi

Mtu anayejifunza Kiingereza nchini Australia hukutana na neno "charge" mapema sana: kwenye bili ya umeme, dukani, hospitalini, kazini, na hata katika taarifa ya habari kuhusu mtu aliyefikishwa mahakamani. Tahajia ni ileile na matamshi ni yaleyale, lakini maana hubadilika. Mahali pengine neno hilo hudai dola chache tu. Mahali pengine huashiria kesi ya jinai. Kulifahamu vizuri huweza kumwepusha mtu na hofu, na gharama, na jibu lenye madhara.

Wazungumzaji wa Kiswahili si wageni wa jambo hili. "Kaa" ni mnyama wa baharini, ni kipande cha moto, na pia ni kitenzi cha kuketi au kuishi mahali. "Paa" ni mnyama wa porini, ni sehemu ya juu ya nyumba, na ni kitenzi cha kwenda angani. Hata hivyo, maneno hayo yamefanana kwa sauti tu, kama watu wasio na undugu waliopewa jina moja. "Charge" ni tofauti, kwani maana zake zimechipuka kutoka shina moja.

Asili: mzigo juu ya gari

Kiingereza kililipokea neno hili kutoka Kifaransa cha kale, lugha iliyopata nguvu Uingereza baada ya uvamizi wa Wanormani mwaka 1066. Kifaransa nacho kilikuwa kimelirithi kutoka Kilatini, ambamo kitenzi chake kilimaanisha kupakia mzigo kwenye gari la kukokotwa. Maneno "car", yaani gari, na "cargo", yaani shehena, ni ya ukoo huohuo.

Wazo la mzigo ndilo ufunguo wa maana zote. Malipo ni mzigo juu ya mfuko. Shtaka ni mzigo anaotwishwa mtuhumiwa. Uongozi ni mzigo wa dhamana. Betri hupakiwa nguvu, na bunduki za zamani zilipakiwa baruti. Kiswahili nacho huwaza vivyo hivyo kinaposema kwamba mtu "ametwishwa lawama" au "amebeba dhamana".

Malipo

Maana inayosikika zaidi ni ile ya kutoza fedha. "How much do you charge?" ni swali la kumuuliza fundi au msusi anatoza kiasi gani. "Free of charge" na "no charge" humaanisha bila malipo. Anayesema "charge it to my card" anaomba fedha zikatwe kwenye kadi yake.

Bili ya umeme kwa kawaida huwa na malipo ya aina mbili. "Usage charge" ni malipo ya kiasi cha umeme kilichotumika. "Supply charge" ni malipo ya kila siku ya kuunganishwa kwenye mtandao wa umeme, hata kama taa hazikuwashwa. Ndiyo sababu familia iliyosafiri mwezi mzima bado hupokea bili.

Neno hili pia huunda mengine. "Surcharge" ni nyongeza juu ya bei, kama ile ambayo baadhi ya migahawa hutoza siku za sikukuu. "Overcharge" ni kutoza kupita kiasi kinachostahili. Mteja anayesema "I think I have been overcharged" analalamika kwa adabu kwamba hesabu imezidi.

Polisi na mahakama

Katika sheria, "to be charged" ni kufunguliwa mashtaka rasmi. Hapa pana hatua tatu zinazotakiwa kutenganishwa. "Arrested" ni kukamatwa. "Charged" ni kushtakiwa kwa kosa lililotajwa. "Convicted" ni kupatikana na hatia. Mtu anaweza kukamatwa kisha akaachiwa bila shtaka, na anaweza kushtakiwa kisha mahakama ikamwona hana hatia. Taarifa ya habari ikisema kwamba mtu "has been charged", haijasema kwamba ametenda kosa.

Tofauti hiyo ina uzito katika maisha ya wahamiaji. Baadhi ya fomu za kazi na za uhamiaji huuliza kuhusu mashtaka na kuhusu hatia kama mambo mawili mbalimbali. Dereva aliyelipa faini ya maegesho akiandika kwamba aliwahi kuwa "charged" kwa sababu alitozwa fedha, atakuwa amejitwisha mzigo usio wake: kwa kawaida faini ya namna hiyo huitwa "fine" au "infringement", si shtaka la jinai. Kinyume chake, aliyewahi kushtakiwa kweli akajibu hapana kwa kudhani ameulizwa habari za malipo, huonekana ametoa taarifa ya uongo.

Kiungo kinachofuata ndicho kinachofichua maana. "I was charged fifty dollars" ni kutozwa dola 50. "I was charged with theft" ni kushtakiwa kwa wizi. Neno "with" likifuatwa na jina la kosa, mazungumzo yamehamia kwenye sheria. "To press charges" ni kutaka mashtaka yafunguliwe, na "to drop the charges" ni kuyaondoa.

Usimamizi

"In charge" humhusu mtu mwenye mamlaka na wajibu mahali fulani. Swali "Who is in charge here?" humtafuta msimamizi. Tanzania ina neno zuri kwa maana hii, yaani mfawidhi: mganga mfawidhi ni daktari anayesimamia kituo cha afya au hospitali, na hakimu mfawidhi husimamia mahakama. "To take charge" ni kushika hatamu.

Katika diplomasia, cheo cha "chargé d'affaires", kilichobaki na sura yake ya Kifaransa, ni cha ofisa anayeongoza ubalozi wakati balozi hayupo. Kiswahili humwita kaimu balozi.

Pana mtego mdogo hapa. "The nurse is in charge of the child" humaanisha kwamba muuguzi ndiye anayemwangalia mtoto. "The child is in the charge of the nurse" hutoa habari ileile, lakini imeanzia kwa mtoto. Neno dogo "the" ndilo linalogeuza nani anasimamia na nani anasimamiwa.

Umeme na mashambulizi

Maana ya umeme ndiyo iliyoingia Kiswahili kwa urahisi zaidi. Simu huishiwa chaji, mwenye nayo hutafuta chaja, na kitenzi kuchaji hutumika kila mahali Afrika Mashariki. Huenda ndiyo sababu wengi hudhani kwamba maana hiyo ndiyo ya asili, ilhali neno lilitumika karne nyingi kabla ya betri kubuniwa. Katika fizikia, "charge" ni chaji ya umeme, chanya au hasi.

"To charge at" ni kumvamia mtu au mnyama kwa kasi, kama afanyavyo nyati aliyejeruhiwa. Katika historia ya kijeshi, neno hili hukumbusha shambulio la wapanda farasi wa Uingereza huko Balaclava tarehe 25 Oktoba 1854, wakati wa Vita vya Krimea, ambapo amri isiyoeleweka vizuri iliwapeleka askari mbele ya mizinga ya Warusi.

"Discharge": ndugu wa hospitalini

"Discharge" kwa asili ni kupakua mzigo. Hospitalini lina maana mbili zinazoweza kumchanganya mgonjwa. Kwanza, "you will be discharged tomorrow" humaanisha kwamba ataruhusiwa kwenda nyumbani kesho, na "discharge summary" ni muhtasari wa matibabu anaopewa wakati wa kutoka. Pili, "discharge" ni usaha au majimaji yanayotoka kwenye kidonda, sikioni au ukeni.

Muuguzi akimuuliza mama aliyejifungua "Any discharge?", hamuulizi kama ameruhusiwa kuondoka. Anatafuta dalili za maambukizi. Jibu la "hapana" lililotolewa kwa kutoelewa swali linaweza kuchelewesha matibabu.

Namna ya kutofautisha

Kanuni chache hutosha kwa matumizi mengi. "Charge" ikifuatwa na kiasi cha fedha au "for", ni malipo. Ikifuatwa na "with" na jina la kosa, ni shtaka. Ikitanguliwa na "in", aghalabu ni usimamizi. Ikifuatwa na "at" na kuhusu mtu au mnyama anayekimbia, ni uvamizi. Ikitajwa pamoja na simu, gari la umeme au betri, ni chaji.

Pale ambapo kanuni hazitoshi, njia salama ni kuuliza. "Do you mean I have to pay?" humfanya mzungumzaji afafanue kama anazungumzia malipo. "Can you say that another way, please?" humwomba aseme kwa maneno mengine. Watu wengi waliolelewa katika Kiswahili wamefundishwa kumwitikia mkubwa kwa heshima, na "ndiyo" huwatoka kabla swali halijaeleweka. Mbele ya muuguzi, mwajiri au polisi, itikio hilo la adabu huchukuliwa kuwa jibu kamili.

Australia ina huduma ya taifa ya ukalimani, TIS National, inayopatikana kwa nambari 131 450 saa 24 kila siku, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake. Kwa makosa ya shirikisho, Sheria ya Makosa ya Jinai ya mwaka 1914 humtaka ofisa wa upelelezi kupanga mkalimani kabla ya kumhoji mtu aliyekamatwa ambaye hawezi kuwasiliana kwa Kiingereza kwa ufasaha wa kutosha. Kuomba mkalimani si kukiri udhaifu wala hakuhitaji udhuru. Ni kuhakikisha kwamba mzigo anaotwishwa mtu kwa neno moja ni ule unaomhusu kweli.