Mechi Nne, Miaka Minne

Mwanamichezo akikutwa na dawa zilizokatazwa, aadhibiwe vipi? Katika familia zetu za Dallas na Houston, kila Mkenya anapofungiwa, jibu huja haraka: ametuaibisha, na afungiwe. Lakini historia inaonyesha kwamba adhabu hutegemea sana mchezo wenyewe na nani aliyeandika kanuni zake. Tuangalie watu watatu.

Wa kwanza ni Brian Cushing wa Houston Texans. Mwaka 2009 alichaguliwa mchezaji chipukizi bora wa ulinzi katika ligi ya NFL. Mei 2010 ikajulikana kwamba kipimo chake cha msimu ule kilionyesha homoni ya hCG. Alikana kutumia steroidi, lakini akafungiwa mechi nne. Waandishi wa habari walipiga kura upya kuhusu tuzo yake, akashinda tena! Msimu huohuo alirudi uwanjani.

Wa pili ni Rita Jeptoo wa Kenya, aliyewahi kushinda marathoni za Boston na Chicago. Septemba 2014 sampuli yake ilikutwa na EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu. Januari 2015 alifungiwa miaka miwili. Kesi ilipofika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, mwaka 2016, adhabu ikawa miaka minne, na ushindi wake wa Boston na Chicago wa mwaka 2014 ukafutwa.

Wa tatu ni Sha'Carri Richardson, mzaliwa wa Dallas. Juni 2021 alishinda mita 100 katika mchujo wa Olimpiki huko Oregon kwa sekunde 10.86, kisha akakutwa na bangi. Bangi ilikuwa halali katika jimbo hilo, naye alieleza kwamba alikuwa amepokea habari za kifo cha mama yake mzazi. Alifungiwa siku 30 tu, nazo ziliisha kabla ya mbio za mita 100 za Tokyo. Hata hivyo matokeo yake ya mchujo yalifutwa, kwa hiyo hakwenda. Mwezi mmoja ulimgharimu Olimpiki nzima.

Tofauti hizi zinatoka wapi? Riadha inafuata Kanuni za Dunia za WADA, zilizoanza kutumika mwaka 2004. Tangu 2015, kosa la makusudi hufungiwa miaka minne. NFL haiko chini ya kanuni hizo: adhabu zake hupatikana kwa makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji. Cushing alikuwa na chama kilichokaa mezani kabla yeye hajakosea. Mkimbiaji wa Iten hukuta kanuni zimeshaandikwa, na asipozikubali hakimbii.

Hatusemi Jeptoo alionewa. Kuna pia Buzunesh Deba wa Ethiopia, aliyefika wa pili Boston 2014 na kutambuliwa mshindi baadaye. Shangwe za pale kwenye utepe hakuzipata, wala hawezi kuzipata tena. Adhabu ndogo ingekuwa dharau kwake. Kenya yenyewe ilitunga sheria ya kupambana na dawa hizo mwaka 2016, baada ya WADA kuikaripia.

Tunachosema ni kwamba haki haipimwi kwa urefu wa adhabu peke yake. Wanaoadhibiwa wawe na sauti katika kutunga kanuni, na wapate mwanasheria hata kama hawana fedha. Nasi mashabiki tujihoji. Tukimpigia makofi mchezaji wa Houston anaporudi baada ya mechi nne, kisha tukamwita mkimbiaji wetu mwizi maisha yake yote, basi tunaishi ile methali ya wazee: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.